Rivolva ya Kuwindia na ya Kujikinga na Dubu: .357, .44, .454 au .500?

Mtu akihamia Montana, Idaho, Wyoming au Alaska, kisha akaanza kuwinda au kuvua mbali na barabara, swali la bastola humfikia mapema. Bunduki ndefu imeegemezwa mtini, mikono imejaa damu ya mnyama anayechunwa, na harufu ya nyama inasafiri na upepo kwenda asikojua. Ndiyo maana wawindaji wengi wa huku huvaa kifuani rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka. Ukiingia dukani utaonyeshwa kaliba nyingi, yaani vipimo vya unene wa risasi kwa sehemu za inchi, na kila mteja aliyesimama kando yako ana yake anayoiapia.

Naandika kwa ajili ya sisi tunaosema Kiswahili huku. Mji wa Missoula umepokea familia za Wakongo tangu 2016, na Watanzania na Wakenya wametawanyika katika majimbo yote ya magharibi. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo bastola ni chombo cha polisi au cha mwanajeshi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo kwa Mkenya wa umri wangu kuwinda kihalali ni jambo alilolikuta Marekani. Hatukurithi ushauri wa baba na babu kuhusu silaha hizi, na anayenunua bila ushauri huuziwa ile kubwa kuliko zote.

Nalinganisha nne: .357 Magnum, .44 Magnum, .454 Casull na .500 S&W Magnum. Kati yake zipo nyingine nzuri, kama .41 Magnum ya 1964 na .480 Ruger ya 2001, ila risasi zake ni adimu madukani. Anayenunua bastola yake ya kwanza nisingempeleka huko.

Kopo la pilipili kwanza

Kabla ya kaliba yoyote, nunua kopo la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu. Mwaka 2008 watafiti Tom Smith na Stephen Herrero, pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi wa matukio ya Alaska: pilipili ilikomesha usumbufu wa dubu wa kahawia kwa asilimia 92 ya mara ilizotumika, na wa dubu weusi kwa asilimia 90. Mwaka 2012 wakachapisha mwingine, wa matukio 269 yaliyohusu silaha za moto Alaska kati ya 1883 na 2009. Bastola zilifaulu kwa asilimia 84, bunduki ndefu kwa asilimia 76. Tarakimu hizi haziwekwi kwenye mizani moja moja kwa moja, kwa sababu dubu aliyekuja kunusa kambi si sawa na anayekujia mbio kwa sababu umemkaribia mtoto wake. Lakini kuna jambo moja katika ule wa 2012 ambalo kila mnunuzi alisome mara mbili: waliotumia silaha zao na waliokuwa nazo bila kuzitumia waliumizwa kwa kiwango kilichokaribiana. Kuwa na bastola peke yake hakukumwokoa mtu.

Pilipili nayo ina mipaka. Upepo mkali ukikuvumia usoni unairudisha kwako, baridi kali hupunguza msukumo wa kopo, na hairuhusiwi ndani ya ndege ya abiria, hata kwenye mzigo unaopelekwa chini. Mimi hubeba vyote viwili, kopo mkono wa kushoto na rivolva kifuani. Yote yanayofuata namwandikia mtu ambaye tayari ana kopo.

Mambo ya kupimia

La kwanza ni upenyaji. Dubu mkubwa ana manyoya mazito, mafuta, misuli ya bega na mfupa kabla risasi haijafika penye uhai. Risasi za kujilinda na binadamu hutengenezwa zitanuke na kusimama mapema, na hilo ni kosa kwa dubu. Kinachotakiwa ni kichwa cha risasi kizito, kigumu, bapa mbele, kisichotanuka, kinachokwenda moja kwa moja na kuvunja mfupa njiani. Mwaka 2016 Phil Shoemaker, mwongozaji wa wawindaji na wavuvi Alaska kwa miaka mingi, alimuua dubu wa kahawia aliyewashambulia yeye na wageni wake kwa bastola ya milimita 9, kaliba ambayo wengi huicheka. Ndani yake alikuwa ameweka risasi ngumu za kupenya. Sisemi ubebe milimita 9. Nasema chagua risasi kwa uangalifu uleule unaochagulia bastola, maana rivolva ya .44 yenye risasi laini inaweza kukuangusha.

La pili ni risasi ya pili. Dubu hukimbia karibu kilomita 56 kwa saa, yaani mita kama 15 kila sekunde. Akianzia mita 30 una sekunde mbili za kutambua, kuchomoa, kulenga na kufyatua. Bastola ikikupiga teke hadi mtutu ukaelekea mawinguni, muda wa kuurudisha chini unaulipa kwa mita alizokimbia. Kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo kinachopuuzwa kuliko vyote, kwa kuwa hakiandikwi kwenye boksi la risasi. Boksi linaandika nguvu tu.

La tatu ni uzito na ubebaji. Bastola iliyoachwa hemani haipo. Ikizidi kilo moja na nusu, mtu huanza kuitafutia sababu ya kuiacha siku ya tatu ya safari.

La nne ni kuwinda kwenyewe. Hapa mahitaji yanageuka. Mwindaji ana muda, ana mahali pa kuegemeza mikono, na mnyama hajamwona. Anafaidika na mtutu mrefu, inchi 6 hadi 8 (sentimita 15 hadi 20), na hata darubini juu yake. Anayejilinda anahitaji mtutu mfupi unaochomoka haraka. Bastola moja kufanya kazi zote mbili inawezekana, ila kila mara kuna upande unaopunguziwa.

La tano ni mazoezi. Usipomudu bei ya risasi, au usipostahimili teke lake, hutafanya mazoezi. Na usipofanya mazoezi, nguvu ya kaliba haina maana.

.357 Magnum

Kampuni ya Smith & Wesson (S&W) iliitoa mwaka 1935, na ndiyo iliyofungua ukoo wote wa Magnum, yaani risasi zenye nguvu kuliko za kawaida. Risasi ya kawaida ina kichwa cha gramu 10.2 kinachotoka kwa kasi ya mita 380 hivi kwa sekunde, sawa na jouli 740 takriban. Zipo nzito za gramu 11.7, ngumu, zilizotengenezwa kwa ajili ya porini, na hizo ndizo za kuweka kwenye silinda ukienda kwenye dubu.

Upenyaji wake kwa risasi hizo ni mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kichwa ni chembamba na kirefu. Kinachokosekana ni ukubwa wa tundu na uzito wa kuvunja bega la dubu mkubwa wa kahawia. Kwa dubu mweusi, puma na mbwa mwitu inatosha. Kwa grizli, yaani dubu wa kahawia wa bara, unategemea mno mahali risasi ilipoingia.

Kwenye risasi ya pili .357 inazishinda zote tatu zinazofuata. Teke lake ni chini ya nusu ya lile la .44 kwa bastola zenye uzito sawa, na mtu wa mwili mdogo hulizoea. Ruger GP100 au Smith & Wesson 686 ya inchi 4 ina uzito wa kilo 1.1 hivi. Silinda huchukua risasi sita, na 686 Plus huchukua saba.

Kwa kuwinda, iweke kwa kulungu wa mkia mweupe na nguruwe mwitu, umbali usiozidi mita 50, ukiwa na risasi inayotanuka kiasi na penye kuegemea. Elki, jamii ya kulungu mkubwa sana, mwachie mwingine.

Mazoezi ndiyo yanayowafanya wengi waipende. Rivolva ya .357 hupiga pia .38 Special, risasi laini na ya bei nafuu kuliko zote ninazozitaja hapa. Mtu anaweza kujifunza kuvuta kifyatulio vizuri kwa .38 mwezi mzima, kisha akamalizia na Magnum chache. Inamfaa anayeanza, mwenye mikono midogo, na anayeishi kwenye dubu weusi bila grizli, kama milima ya Colorado au Oregon.

.44 Magnum

Hii nitakaa nayo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayopimiwa nyingine zote. Ilitoka mwishoni mwa 1955 baada ya Elmer Keith, mchungaji wa ng'ombe na mwindaji wa Idaho, kuhangaika kwa miaka akijaza risasi za .44 Special kwa baruti nyingi kuliko ilivyokusudiwa, na kuwashinikiza Smith & Wesson na Remington watengeneze yenye nguvu hiyo rasmi. Ilizaliwa kwa ajili ya porini. Umaarufu wa mjini ulikuja baadaye.

Kichwa cha kawaida ni gramu 15.6. Kwenye mtutu wa inchi 4 hutoka kwa mita 360 hivi kwa sekunde, jouli 1,000. Kwenye mtutu wa inchi 7 na nusu hupita jouli 1,300. Risasi ngumu za gramu 19 na kitu ndizo wanazopenda watu wa Alaska, na hizo hupenya mwili wa dubu mkubwa kutoka pembe nyingi. Si kila pembe. Bastola hata iwe ipi haifikii bunduki ndefu, na mwenye nafasi ya kushika bunduki ndefu aishike.

Teke lake ni la kweli. Mtu mzima wa wastani, mwenye mpini wa mpira unaomkaa mkononi, hulimudu kwa mazoezi ya miezi michache. Wapo wasiolimudu, na hakuna aibu. Hapa ndipo uzito wa bastola unapoingia. Smith & Wesson 629 ya inchi 4 ina kilo 1.2 takriban, Ruger Redhawk ya mtutu kama huo kilo 1.3, na Super Redhawk ya inchi 7 na nusu kilo 1.5. Halafu ipo 329PD, ya aloi nyepesi, gramu 700 tu. Dukani inavutia sana, kwani huisikii kifuani. Uwanjani, kwa risasi nzito, wengi hupiga tatu nne na kuiweka mezani. Tena bastola nyepesi huleta hatari nyingine: teke linaivuta bastola nyuma kwa nguvu kiasi kwamba vichwa vya risasi zilizobaki kwenye silinda huanza kuchomoka kwenye maganda yake, na kimoja kikijitokeza mbele silinda haizunguki tena. Ukinunua nyepesi, pakia silinda nzima, piga zote isipokuwa moja, kisha pima urefu wa ile iliyobaki. Kama imerefuka, risasi hiyo si ya bastola yako.

Kwa kuwinda, .44 ndiyo inayotoa uwiano mpana zaidi. Kulungu, nguruwe mwitu, dubu mweusi, na hata elki kwa mtu mtulivu aliye karibu. Kwa mtutu mrefu na darubini, mita 70 hadi 100 zinafikika kwa aliyefanya mazoezi. Asiyefanya abaki 40. Kigezo ninachowapa watu ni sahani ya karatasi ya chakula: umbali ambao risasi zako zote sita zinaingia ndani ya sahani, ukiwa umekaa kama utakavyokaa porini, ndio umbali wako wa kuwindia. Umbali wa jirani yako haukuhusu.

Risasi zinapatikana karibu kila duka la mji mdogo, jambo lenye uzito ukisahau boksi nyumbani. Hupiga pia .44 Special kwa mazoezi, ingawa hiyo si nafuu kama .38. Inamfaa anayetaka bastola moja ya kuwindia na kujilindia, aliye tayari kuifanyia kazi. Haimfai anayetaka kuinunua Ijumaa na kuingia nayo msituni Jumamosi.

.454 Casull

Dick Casull wa Utah aliibuni miaka ya 1950 akianzia ganda la zamani la .45 Colt, akalirefusha na kuliimarisha. Ilikaa miaka mingi bila kiwanda, hadi Freedom Arms wa mji wa Freedom, Wyoming, walipoanza kuuza bastola zake mwaka 1983. Shinikizo lake linaruhusiwa kufika pauni 65,000 kwa inchi ya mraba, la .44 Magnum ni 36,000. Ukiyaona hayo unaelewa kwa nini silinda yake imejengwa nene namna ile.

Kichwa cha gramu 19.4 kwenye mtutu mrefu hukaribia mita 490 kwa sekunde, jouli 2,300. Nguvu hizo zinampa mwindaji njia iliyonyooka zaidi kwa mita 100 na upenyaji unaotosha elki na musi, mnyama yule mkubwa wa majimaji ya kaskazini mwenye pembe pana. Tukiwa kwa musi: Alaska watu wanaoumizwa na musi kwa mwaka huwa wengi kuliko wanaoumizwa na dubu, na mgeni asiyelijua hilo humkaribia apige picha.

Teke la .454 ni kali, la ghafla, na linauma kiganja na kifundo. Kwenye Ruger Super Redhawk Alaskan ya 2005, yenye mtutu wa inchi 2 na nusu na uzito wa kilo 1.25 hivi, ni kazi ya watu wachache. Tena mtutu mfupi hivyo unapoteza sehemu kubwa ya kasi uliyoilipia, na unabaki na mlio na moto mwingi.

Siri yake njema ni kwamba hupiga .45 Colt. Kuna .45 Colt nzito, zenye nguvu zinazokaribia .44 Magnum, zinazotengenezwa kwa ajili ya bastola imara tu; mwenye .454 anaweza kubeba hizo kila siku na kuweka Casull kamili anapowinda. Namfahamu mwindaji wa huku anayefanya hivyo kwa miaka, na sioni kasoro katika mpango wake. Super Redhawk huchukua risasi sita. Freedom Arms Model 83 na Taurus Raging Bull ya Brazili huchukua tano.

Inamfaa aliyekwisha kuizoea .44 na kuona anahitaji zaidi, hasa mwindaji wa elki kwa bastola. Risasi zake ni ghali, na miji midogo hukosa.

.500 S&W Magnum

Ilitoka mwaka 2003, na Smith & Wesson walilazimika kuunda fremu mpya, kubwa kuliko zao zote, ili iihimili. Silinda huchukua risasi tano. Kichwa cha gramu 26 kwenye mtutu mrefu hupita jouli 3,000, mara tatu ya .44 ya inchi 4. Kwa upenyaji na kuvunja mfupa hakuna kati ya hizi inayoifikia, na wapo waliowinda nayo nyati wa Amerika na dubu wa kahawia.

Mtutu wa inchi 8 na thumuni tatu unaifikisha kilo 2. Ule wa inchi 4 kilo 1.6. Uzito huo unasaidia kumeza teke, lakini ndio unaokuchosha kifuani ukipanda mlima. Kwa mwindaji aliyekaa kwenye maficho, mwenye kigoda na mti wa kuegemea, kilo mbili hazina ubaya wowote. Kwa mvuvi anayetembea mtoni kutwa nzima, ni mzigo.

Risasi ya pili ndiyo mtihani wake. Wapo wanaoimudu, watu wa kifundo imara na mazoezi ya muda mrefu. Wengi, nikiwamo mimi, huchelewa mno kuirudisha kwenye shabaha. Tena usimpe mgeni aijaribu ikiwa na risasi zote tano ndani. Anayeanza hupewa moja tu, kwa sababu teke linaweza kumfanya avute kifyatulio mara ya pili bila kukusudia, mtutu ukiwa umeelekea nyuma juu ya kichwa chake. Ziko risasi nyepesi za kaliba hii zenye teke la kubembeleza kiasi, anzia hapo. Kila risasi ni dola kadhaa, na boksi moja la ishirini la .500 linaweza kugharimu sawa na maboksi kadhaa ya .38.

Inamfaa mwindaji wa wanyama wakubwa anayetaka bastola kuwa silaha yake kuu, mwenye uzoefu na mfuko.

Yanayozigusa zote

Rivolva ziko za aina mbili. Moja huikoki nyundo kwa kidole gumba kila risasi, kama Super Blackhawk ya Ruger na zile za Freedom Arms. Ni imara, mpini wake huzunguka mkononi na kupunguza maumivu ya teke, na kwa kuwinda ni nzuri sana. Nyingine hupiga kwa kuvuta kifyatulio tu. Kwa kujilinda chagua hii ya pili; mkono mmoja ukiwa umeshikwa au umeumia, bado inafanya kazi. Ifanyie mazoezi ya kuvuta kifyatulio bila kukoki, maana ndivyo utakavyoipiga siku ya hofu.

Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo ambapo gesi ya moto hutoka pembeni. Kwa Magnum kubwa gesi hiyo hukata nyama. Aliyezoea bastola za magazini, zinazojipakia zenyewe, huweka kidole gumba au vidole vya mkono wa pili mbele ya silinda. Huyo afundishwe upya kabla hajapewa risasi.

Mlio wa hizi zote hupita desibeli 160, na mara moja bila kinga inatosha kuharibu masikio. Uwanjani vaa vizibo na vifuniko juu yake. Ukiwinda, vaa vile vya umeme vinavyopitisha sauti ndogo na kuzuia kubwa.

Ala ya kifuani ndiyo inayofaa porini, kwa kuwa mkanda wa begi hufunika kiuno. Ijaribu ukiwa umevaa koti la baridi na glavu. Nyumbani bastola ikae kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli. Familia zetu zina watoto wengi na wageni wasiopiga hodi.

Utawasikia pia wanaosifu bastola za magazini za milimita 10, kama Glock 20: risasi 15, teke dogo, nyepesi. Hoja yao ni nzito na kwa kujilinda tu inastahili kujaribiwa. Nimeiacha nje kwa sababu makala hii ni ya anayetaka na kuwindia, na pia kwa sababu rivolva haikwami ikikandamizwa kwenye mwili wa mnyama au ikishikwa na mkono uliolegea.

Sheria, kabla ya kulipa

Sheria ya shirikisho humruhusu mwenye kadi ya kijani kununua silaha, mradi hana katazo jingine. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, amekatazwa isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa leseni halali ya kuwinda ya jimbo fulani. Uliza wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa, kwa sababu kosa la silaha linaweza kumfukuzisha mtu nchini. Bastola hununuliwa katika jimbo unaloishi, na kwa muuzaji mwenye leseni umri ni miaka 21.

Alaska tangu 2003 na Montana tangu 2021 huruhusu kubeba bila kibali maalumu. Majimbo mengine yana yake, na kila jimbo hutoa kijitabu cha kanuni za uwindaji kinachosema kama bastola inaruhusiwa, kwa mnyama gani na kwa nguvu kiasi gani. Montana humtaka aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 awe amepitia mafunzo ya uwindaji. Katika hifadhi za taifa kama Yellowstone, tangu Februari 2010 unaweza kubeba kwa kufuata sheria ya jimbo, ila kufyatua bado ni marufuku.

Grizli wa majimbo 48 ya chini, yaani yote isipokuwa Alaska na Hawaii, wanalindwa na sheria tangu 1975. Unaweza kumpiga kuokoa uhai tu, na lazima utoe taarifa mara moja. Alaska, ukimuua dubu kwa kujitetea, unatakiwa umchune, ukabidhi ngozi na fuvu kwa serikali, na ujaze taarifa. Na ukipanga kuendesha gari hadi Alaska kupitia Kanada, bastola iache: tangu 2022 Kanada imefunga uingizaji wa bastola kwa watu binafsi. Peleka kwa ndege, ikiwa tupu, kwenye sanduku gumu lenye kufuli, umeitangaza kaunta.

Kwa hali yako

Ukiwa hujawahi kupiga bastola, na utakapokwenda hakuna grizli, chukua .357 ya inchi 4 ya chuma kizito. Ukihamia kwenye grizli baadaye, ustadi utaondoka nao, bastola inauzika.

Ukivua samaki Alaska au kupanda milima ya Montana bila kuwinda, chagua kati ya .357 yenye risasi nzito ngumu na .44 ya inchi 4, na acha uwanja wa shabaha uamue. Kodisha zote mbili, weka sahani ya karatasi mita 7, chomoa na upige mbili haraka. Ile ambayo risasi zote mbili zimeingia ndio yako. Zote zikiingia, chukua .44.

Ukiwinda kwa upinde kwenye nchi ya grizli, ambapo unatembea kimya alfajiri na kuita elki kwa sauti inayomwita na dubu, .44 ya chuma cha kawaida kifuani inafaa, na .454 yenye .45 Colt nzito inafaa vilevile kwa mwenye mkono wake.

Ukitaka kuwinda kulungu na nguruwe kwa bastola na pia kujilinda nayo, .44 ya inchi 5 na nusu au 6 inakaa katikati vizuri. Ukitaka elki na musi kwa bastola, nenda .454 au .500 ya mtutu mrefu, na kwa kujilinda tegemea pilipili na mwenzako.

Mkiwa wawili nyumbani mtakaoitumia bastola moja, ichagueni kwa mkono wa yule mwenye mkono mdogo. Na mwenye ugonjwa wa viungo au aliyewahi kuvunjika kifundo asidanganywe na mtu yeyote dukani: .357, au bunduki ya marisau (shotgun) ya geji 12, ikiwa na risasi za kipande kimoja kizito badala ya marisau, itamtendea haki kuliko kaliba yoyote asiyoweza kuipiga mara mbili.